Chuma Kilichogongwa Upepo Ukiwa Umelala

Asubuhi ile Kamshat aliamka akasikia maji yakidondoka kutoka paani, akadhani bado anaota. Ilikuwa katikati ya Januari. Kwenye nyika za kaskazini mwa Karaganda, Januari si mwezi wa maji kudondoka. Lakini upepo wa kusini ulikuwa umeingia usiku, na redio ya dirishani ilikuwa ikisoma hali ya hewa ya nchi nzima kwa sauti ileile ya siku zote: mvua Almaty, ukungu Aktau, tufani ya theluji Petropavl. Nchi ile ni kubwa kiasi kwamba mtu mmoja huanika nguo juani wakati mwenzake anafukua mlango wake kwa sepetu, na wote wawili wanasikiliza redio moja.

Binti yake Baljan, wa miaka mitano, alikuwa ameshatoka nje bila kofia. Mama mkwe wake, Ulbosin, alikuwa mezani akimimina chai ya maziwa na kumkoromea mwanawe Sagindik, mume wa Kamshat, aliyekuwa akivaa viatu.

"Chukua koti la ngozi."

"Na joto hili, mama? Unataka nirudi nimeiva?"

"Bora uive."

"Nikiiva mtanila na viazi," Sagindik akasema. "Mke wangu hapa atalilia chumvi tu." Akamkonyeza Kamshat. Alikuwa mwanamume mrefu, mchunga farasi tangu utoto, na utani wake ulikuwa wa namna hiyo, haukuwa na kichwa wala miguu, lakini watu walicheka.

Haraka yake ilikuwa na sababu. Baridi peke yake haiui mifugo kule, wameizoea. Kinachoua ni siku moja ya joto katikati ya baridi. Theluji inalainika mchana, inaganda upya usiku, na majani yanabaki chini ya bamba la barafu lisilovunjwa na kwato. Farasi hujikata miguu wakiparua, kisha husimama, kisha hulala. Kundi la Sagindik lilikuwa mbali, upande wa bonde la chumvi, na alitaka kulirudisha kabla barafu haijafunga.

"Chai ya mchana mniwekee," akasema, akaondoka na koti la kitambaa. Kamshat hakutoka kumsindikiza. Mikono yake ilikuwa ndani ya unga.

Mchana mvua ilinyesha. Baada ya mvua upepo ukageukia kaskazini, ghafla, bila hata kutulia kidogo katikati. Kamshat alikuwa akianua nguo. Aliposhika bega moja la shati la mumewe lilikuwa likitiririka maji, na alipofikia bega la pili shati zima lilikuwa limekakamaa. Aliliingiza ndani, akalisimamisha ukutani. Nje palikuwa pameshakuwa peupe na hapaonekani kitu.

Kila makazi ya majira ya baridi kule yana kipande cha reli kilichoning'inizwa karibu na mlango. Tufani ikija na kuna mtu nje, chuma kile hugongwa kwa zamu bila kukoma, ili aliyepotea asikie na kuifuata sauti. Wanawake wale wawili walikigonga kutwa na kucha, mmoja akigonga na mwingine akipasha mikono joto, wamejifunga kamba viunoni ili upepo usiwachukue. Siku ya pili farasi wa Sagindik alirudi peke yake. Tandiko lilikuwa limegandia mgongoni, ikabidi walimwagie maji ya moto ndipo litoke.

Kamshat alilitundika tandiko mahali pake, akarudi kugonga. Hakulia. Alikitafuta kilio kama mtu anayepapasa mfuko kutafuta funguo, akakuta hakipo. Mikono yake ilikuwa na ganzi, miguu ilikuwa na ganzi, na ganzi ile ikawa inapanda.

Kisha tufani ikaisha. Kulipokucha anga lilikuwa la buluu tupu, jua linawaka, na baridi kali kiasi kwamba ukipumua unasikia pumzi yako ikichakarika. Hakuna unyoya uliotikisika.

Ulbosin alimnyang'anya nyundo.

"Basi, mwanangu. Upepo umelala."

"Bado yuko nje, mama."

"Chuma hugongwa penye upepo." Bibi yule alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Kwenye upepo anayesikia ni aliyepotea. Kukiwa kimya, wanasikia wote."

Kamshat hakuuliza wote ni akina nani. Aliingia ndani, akamnywesha Baljan supu, akasubiri. Ulbosin, ambaye hakuwa ameweka ubavu chini tangu tufani ianze, alisali akiwa ameketi, akapitiwa na usingizi palepale kwenye msala. Ndipo Kamshat akaokota nyundo, akatoka.

Aligonga juani. Sauti ilikwenda mbali sana. Siku za tufani ilikuwa ikimezwa karibu, lakini sasa ilikwenda na kwenda, na kila alipotaka kuacha alihisi bado inasafiri. Akaendelea. Alijua anakosea, na hakujali. Watu waliochoka sana hufanya hivyo.

Mtu akatokea upande wa bonde la chumvi.

Alikuwa akitembea bila haraka juu ya tabaka la barafu. Halikuvunjika chini yake. Alikuwa mrefu, mwenye koti la kitambaa. Kamshat aliendelea kugonga mpaka alipomwona uso, ndipo nyundo ikamtoka mkononi.

"Umeniita," Sagindik akasema.

Ukweli usemwe: Kamshat alifurahi. Furaha ilikuwa kule ndani, chini ya ganzi, na aliisikia ikigonga.

Nyumba za kule zina chumba cha kwanza kisicho na jiko, cha mlangoni, panapowekwa makoti na nyama ya msimu mzima ikining'inia imeganda. Mtu aliyepigwa na baridi hapelekwi motoni mara moja, kila mtu analijua hilo. Akipashwa joto kwa pupa, nyama yake hufa. Hukalishwa kwanza chumba kile, akasuguliwa kwa theluji, akarudishwa taratibu. Kamshat alifanya kama alivyofundishwa. Alimkalisha kwenye kigoda kati ya mapaja ya farasi yaliyoning'inia, akamsugua mikono. Alisugua mpaka yake mwenyewe ikawaka moto. Ya mumewe haikubadilika.

Na kuna jambo jingine ambalo watu wale hawalivunji. Aliyetoka tufanini haulizwi alikokuwa mpaka ameonja mkate wa nyumba. Ni adabu. Kamshat alimletea mkate na chai. Sagindik alipokea, akashika bakuli kwa mikono miwili, akalitazama. Baadaye Kamshat alilichukua likiwa limejaa, na juu pamefunga barafu. Hakula, kwa hiyo hakuulizwa.

Ulbosin aliamka, akaja mpaka kwenye mlango wa ndani. Akasimama pale. Hakumkumbatia mwanawe. Hakunusa kipaji cha uso wake kama alivyomnusa kila aliporudi safari, hata akiwa ametoka dukani tu. Alirudi akaketi, akageukia ukuta.

"Mwanangu yuko wapi?" akanong'ona.

"Yuko pale mlangoni, mama."

"Yule nimemwona. Nauliza mwanangu."

Kamshat akaona bibi amechanganyikiwa kwa uchovu. Ilikuwa rahisi kuona hivyo.

Siku zikapita, baridi ikiwa palepale. Sagindik hakutoka chumba cha mlangoni. Akiambiwa aje ndani, alitikisa kichwa na kusema bado. Kamshat alikaa naye mchana, amejifunika blanketi mbili, akishona. Wakati mwingine alimchokoza kidogo, akimwambia viazi viko tayari, amebaki yeye tu kuiva. Mumewe alimtazama kwa makini, kama mtu anayesikiliza lugha aliyowahi kuijua.

Torebek, jirani yao wa makazi ya pili, alifika kwa trekta. Alikuwa na habari nzito na alikuwa ameishika kofia mkononi kabla hata ya kushuka. Walikuwa wametafuta mpaka bondeni, hawakuona mtu. Farasi wengine walikuwa wamesimama wamekufa.

"Sagindik amerudi," Kamshat akamwambia. "Yumo humo."

Torebek alicheka kwa nguvu, akaingia mbio huku akimtukana rafiki yake kwa furaha, matusi ya wanaume waliokua pamoja. Akatoka taratibu, akafunga mlango nyuma yake, akajifuta kiganja kwenye suruali. Akajifuta tena.

"Karibu chai," Kamshat akasema.

"Nina haraka, shemeji." Kule mtu haondoki bila chai, hata awe na haraka ya kuzima moto. Alipanda trekta, kisha akashuka, akamsogelea Kamshat sikioni. "Shemeji. Mle ndani mimi nilikuwa natoa moshi mdomoni kama treni. Yeye je?"

Kamshat alikuwa ameshaliona siku ya kwanza. Aliamua kutoliona, na tangu hapo alikuwa akiamua upya kila asubuhi.

Halafu redio ikasema joto linakuja. Upepo wa kusini tena, nchi nzima, kutoka Shimkent kupanda juu. Msomaji alilitangaza kwa uchangamfu, kana kwamba anawaletea watu zawadi. Ulbosin aliinua uso, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akasema alhamdulillahi.

Kufikia adhuhuri nyama za mlangoni zilianza kudondosha maji. Kamshat alipoingia, sakafu ilikuwa na madimbwi madogo chini ya kila paja. Kulikuwa na dimbwi chini ya kigoda pia.

"Zima jiko," Sagindik akanong'ona.

"Mtoto ana kikohozi."

"Kamshat. Zima jiko."

Alilizima. Mikono yake ilifanya kazi yenyewe, ikafukia makaa kwa majivu, ikafungua dirisha la jikoni. Kisha akachukua ndoo, akaenda upande wa kivuli nyuma ya zizi ambako theluji ilikuwa bado ngumu, akaileta, akampangia mumewe miguuni, mapajani, kifuani. Alimfungia theluji kwenye kitambaa, akamwekea shingoni. Sagindik alifumba macho kwa raha.

Ndani Baljan alikohoa. Alikuwa kitandani na bibi yake, wamefunikwa kila kitu kilichokuwa mle nyumbani, na midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi.

"Unamgandisha aliye hai ili umtunze aliyekufa," Ulbosin akasema. Hakupaza sauti.

"Ni leo tu, mama. Baridi itarudi kesho. Redio imesema."

"Na joto likirudi tena?"

Kamshat aliokota ndoo. Hilo alikuwa amelifikiria, na alichofikiria ni kwamba atachimba shimo chini ya sakafu, alijaze barafu. Alikuwa ameshachagua mahali. Ulikuwa mpango mzuri tu, na hakuona ndani yake jambo lolote la kushangaza. Ndivyo ganzi ilivyokuwa imefika mbali.

Aliporudi na ndoo ya mwisho, jua bado lilikuwa juu. Mlango wa nje ulikuwa wazi. Sagindik alikuwa amesimama kizingitini, theluji imemdondoka, maji yakimtiririka kwenye mikono ya koti. Baljan alikuwa pembeni yake na gauni la kulalia, bila viatu. Walikuwa wameshikana mikono.

"Baba anasema tuende," mtoto akasema. "Kule kwake joto haliji."

Hakuwa anakohoa. Hilo ndilo Kamshat aliliona kwanza, kwamba kikohozi kimekoma. La pili, kwamba mbele ya uso wa mwanawe moshi wa pumzi ulikuwa mdogo sana.

Ganzi ikamtoka. Ilimtoka kuanzia tumboni, na iliuma kuliko vidole vinavyorudishiwa damu. Aliitupa ndoo, akamshika Baljan mkono wa kulia, akavuta. Sagindik hakuvuta. Hakuachia tu.

"Mwachie."

"Peke yangu siwezi kulala," akasema kwa upole. "Nilikuwa nimeshalala."

Hapo Kamshat akaivunja adabu. Aliuliza, na mtu yule hakuwa ameonja hata chembe ya mkate.

"Ulikuwa wapi, Sagindik?"

Mumewe alifikiri. Maji yalikuwa yakimshuka usoni, na nyuma ya maji uso ulikuwa ukipungua.

"Bondeni. Kwa ubavu, nyuma ya jiwe, pasipo upepo. Sikuumia, Kamshat. Palikuwa pameanza kuwa na joto. Halafu ukaniita."

"Mama," Kamshat akaita bila kugeuka. "Washa jiko. Weka makaa yote."

Ndani alisikia mlango wa chuma wa jiko ukifunguliwa, kikongwe akihema, koleo likikwangua ndoo ya makaa. Bibi yule alimwaga mafuta ya taa juu. Kisha akafungua mlango wa kati na kuuegemezea kigoda ili usijifunge. Joto likaja kwa nyuma, likawapita miguuni, likajaa chumba cha mlangoni. Nyama zilianza kunuka. Kamshat alimshika binti yake, akamtazama mumewe machoni, kwa sababu mtu fulani alipaswa kumtazama.

Sagindik hakukasirika. Alikuwa na sura ya mtu aliyeamshwa, akapewa safari ndefu, na sasa anaambiwa haikuwa na maana, arudi. Midomo yake ilijaribu kusema jambo. Huenda lilikuwa utani.

Kilichobaki kilikuwa maji tu. Hakukuwa na koti wala viatu. Kamshat aliyafuta kwa kitambaa cha sakafu, akakamua nje, akarudi akafuta tena. Yalinuka jasho la farasi. Wakati huo ndipo kilio kilipopatikana, akalia mpaka Ulbosin akaja kupiga magoti karibu yake, akashika upande wa pili wa kitambaa.

Theluji ilipoisha, Aprili, Torebek alimkuta Sagindik bondeni, nyuma ya jiwe, amelala kwa ubavu, mkono wake wa kulia umenyooka nje ya koti na kiganja kimefumbata hewa. Daktari wa wilaya alisema alikufa usiku wa kwanza wa tufani. Walimwosha, wakamvika sanda, wakamzika kwenye kilima cha jamaa zake. Ulbosin aliinama akamnusa kipaji. "Huyu ndiye," akasema.

Kipande cha reli kilishushwa. Torebek alikichukua akakitupa kwenye kisima kilichokauka, na hakuna aliyemuuliza.

Baljan alipona kikohozi. Anakula, anacheka, ameanza shule na anawachapa wavulana. Ni mkono wa kushoto tu, ule aliokuwa ameshikwa na baba. Ukiweka theluji kwenye kiganja kile haiyeyuki. Daktari wa Karaganda aliugusa, akasema damu haizunguki vizuri, akaandika dawa ya kupaka. Lakini damu inazunguka, kucha zinakua, na mkono unaandika. Julai, nyika inapoungua na mbwa wanakosa kivuli, mtoto huuweka shavuni ili apoe, na Kamshat hugeuza uso.

Mchana wa baridi, tufani ikiwa imepita na nje kumetulia kabisa, Baljan hupenda kusinzia kwenye zulia karibu na jiko. Hapo mkono ule hunyanyuka taratibu. Hunyanyuka mpaka urefu wa kiganja cha mtu mzima aliyesimama, vidole vinajikunja, na unabaki pale hewani, haushuki.

Kamshat huacha kila anachofanya, akaketi chini, akaushika ule mwingine.